Gor Mahia: Mzee wa Miujiza Aliyewarithisha Makocha Mzigo

Mpenzi wa kandanda yeyote aliyewahi kuketi katika Uwanja wa Moi mjini Kisumu siku ambayo Gor Mahia inalemewa, anajua jinsi hasira ya mashabiki inavyopanda ngazi. Kwanza hulaumiwa mshambuliaji aliyekosa bao la wazi. Kisha hulaumiwa mwamuzi. Lakini wakati unapokaribia kumalizika na wavu wa wageni haujatikisika, macho yote humgeukia mtu mmoja ambaye hajaugusa mpira hata mara moja, naye ni kocha. Kufikia Jumatatu asubuhi, sokoni Kibuye, kule Kondele, na ufukoni Dunga ambako wavuvi hushusha samaki, kesi yake huwa imekwisha kusikilizwa na hukumu imetolewa: aende zake.

Hasira hiyo si ya Kisumu peke yake. Yanga na Simba kule Dar es Salaam wanaijua. AFC Leopards, watani wa jadi wa Gor Mahia, wanaijua sana. Lakini kwa Gor Mahia kuna jambo moja la ziada ambalo halipatikani kwingine. Klabu hiyo haikupewa jina la mnyama mkali, wala la mji, wala la kampuni. Ilipewa jina la mtu aliyesifiwa kwa kutenda maajabu. Anayekubali kuifundisha timu yenye jina hilo huwa amekubali, bila kuambiwa, kwamba atatakiwa kutenda maajabu naye.

Ni vizuri basi, msomaji, tumjue mwenye jina. Maelfu hulitaja kila wiki, lakini wanaojua kwamba alikuwa mtu mwenye boma, wake, ng'ombe na maadui, ni wachache. Maisha yake yana fundisho kubwa kwa kila shabiki anayedai kocha afukuzwe.

MTU WA KANYAMWA

Jina lake hasa lilikuwa Gor, mwana wa Ogada, mjukuu wa Ogalo. Kwa Kijaluo huitwa Gor wuod Ogada. Ni kutokana na babu huyo Ogalo kwamba mashabiki huiita timu yao K'Ogalo, yaani watu wa mlango wa Ogalo. Hivyo shabiki anayejiita mtu wa K'Ogalo, hata akiwa amezaliwa Nairobi na hajapata kuliona ziwa, hujihesabu kuwa mmoja wa ukoo wa mzee yule.

Kwao Gor kulikuwa Kanyamwa, katika sehemu za Ndhiwa, ambayo leo ni kaunti ndogo mojawapo ya Kaunti ya Homa Bay. Anayetoka Kisumu hulazimika kuizunguka Ghuba ya Winam kwa barabara ili kufika huko, au zamani alipanda meli hadi Homa Bay kisha akaendelea kwa miguu. Nchi ya Kanyamwa inatazamana na Bonde la Lambwe, bonde lenye majani marefu na mbung'o wengi, ambako leo kuna Hifadhi ya Ruma. Jirani zake walikuwa watu wa Kabuoch, Kanyidoto na Kadem. Wote ni Wajaluo, lakini ujirani haukuzuia vita. Waligombania malisho, maji na ng'ombe, na aliyekuwa dhaifu alisukumwa hadi kwenye ardhi mbaya.

Gor aliishi katika nusu ya pili ya karne ya 19 na kuuona mwanzo wa karne ya 20. Maana yake ni kwamba alizaliwa katika dunia ambamo hapakuwa na mzungu, wala reli, wala kodi, na akazeeka katika dunia ambamo vyote vitatu vilikuwa vimeingia. Ni watu wachache waliolazimika kuongoza wenzao katika mabadiliko makubwa kiasi hicho.

JABILO HARUSHI MKUKI

Katika Wajaluo wa zamani, mkuu wa nchi aliitwa ruoth. Lakini palikuwa na watu wengine ambao ruoth hakuweza kufanya kitu bila wao. Mmoja wao alikuwa jabilo, mtaalamu wa dawa za vita. Kabla ya wapiganaji kuondoka, jabilo alitazama mambo yake, akasema kama siku ni njema au ni mbaya, akatoa dawa ya kuwatia nguvu vijana na kuwapumbaza maadui. Kisha vijana walikwenda kupigana. Jabilo hakuwa mtu wa kurusha mkuki.

Mtu akitafakari vizuri, ataona kwamba hii ndiyo kazi ya kocha hasa. Naye huchagua watu, huwapanga, huwaambia adui ana udhaifu gani, huwatia moyo, halafu hukaa pembeni mwa mstari akitazama. Vita vinapiganwa na wengine. Wakishinda, sifa humwendea yeye. Wakishindwa, aibu ni yake. Tofauti ni moja tu. Jabilo alikuwa na kinga ambayo kocha hana: mambo yalipoharibika aliweza kueleza kwamba kuna mwiko uliovunjwa na wapiganaji wenyewe, na watu wakamsadiki. Kocha akisema wachezaji hawakufuata maagizo, huambiwa anatafuta visingizio.

Gor aliunganisha mambo hayo mawili. Alikuwa mtawala na pia alikuwa mtu wa dawa. Ndiyo maana heshima yake ilizidi ile ya watawala wengine wa pwani hiyo ya ziwa, na ndiyo maana akapewa jina la sifa, Mahia, ambalo maana yake ni maajabu au mazingaombwe.

Wasimulizi wa Nyanza ya Kusini wana hadithi nyingi juu yake. Husimuliwa kwamba aliweza kujigeuza apendavyo. Mara alikuwa kizee mkongojo mkononi, mara mwanamke, mara mnyama. Husimuliwa kwamba maadui waliokuja kumkamata usiku walikuta boma tupu, au walimkuta mtu mwingine kabisa wakampita bila kumtambua, kumbe ndiye. Husimuliwa kwamba alijua wageni wanakuja kabla hawajafika, na alijua nia yao kabla hawajaketi. Hadithi hizi bado zinasimuliwa, na kila mzee ana namna yake ya kuzisimulia.

MASIKIO YA MZEE

Mwenye kuzichunguza hadithi hizo hatakosa kuona kwamba nyuma ya maajabu kulikuwa na kazi ya akili. Gor alioa wake wengi, kama walivyofanya wakuu wa zama zake. Kwa desturi za Wajaluo, mtu haoi ndani ya ukoo wake. Kila mke alitoka kwingine, na kila mke alikuwa na kaka, baba na wajomba kwao. Mtawala aliyeoa katika koo nyingi alikuwa na wakwe pande zote, na mkwe ni mtu wa kutembelewa. Habari ilisafiri pamoja na mgeni. Basi si ajabu kama mzee alijua mapema kwamba vijana wa upande fulani wananoa mikuki.

Vivyo hivyo, mtu mwenye sifa ya kujigeuza huwa amekwisha kupata nusu ya ushindi kabla ya vita kuanza. Adui anayeamini kwamba kizee aliyeketi njiani huenda ni Gor mwenyewe, hawezi kutembea kwa kujiamini. Hofu ilikuwa ngao ya Kanyamwa, na haikula majani wala kuhitaji malisho.

Tena kulikuwa na vijana waliopigana, wazee wa baraza walioshauri, wanawake waliolima na kulisha boma, na wachungaji waliojua kila njia ya kushukia Lambwe. Ushindi wa Kanyamwa ulikuwa wa watu hao wote. Lakini masimulizi hayana nafasi ya majina mengi. Yalichukua kazi ya mamia yakamvisha mtu mmoja, kama vile magazeti yanavyochukua ushindi wa wachezaji 11 na kuuweka katika picha ya kocha. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa bahati mbaya, chawa akishavunjwa, ni kidole kimoja tu kinachosifiwa.

MAMBO YALIYOSHINDA MAAJABU

Hata hivyo, miaka ya uzee wa Gor ilileta maadui ambao hawakuogopa dawa ya vita.

Kwanza ilikuja sotoka. Katika miaka ya 1890 maradhi hayo ya ng'ombe yalipita Afrika Mashariki yote, kuanzia Pembe ya Afrika hadi kusini, yakateketeza mifugo. Kwa Mjaluo wa siku hizo, ng'ombe alikuwa mahari, alikuwa akiba, alikuwa heshima ya boma. Kufa kwa ng'ombe kulikuwa kufa kwa ndoa ambazo hazikufungwa na urafiki ambao haukuthibitishwa.

Kisha ukaja ugonjwa wa malale. Mwanzoni mwa karne ya 20 uliwaua zaidi ya watu 200,000 katika Uganda peke yake, na ukaenea pwani ya ziwa hadi upande wa Kenya. Sehemu za mbung'o, kama Lambwe, zikawa za kuogopwa. Mashamba yakaachwa, mabua yakamezwa na vichaka.

Tatu, akaja mzungu. Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani mwezi wa Desemba 1901, na kituo chake kikaitwa Port Florence, ndiyo Kisumu ya leo. Mwaka wa 1902 sehemu hii, iliyokuwa chini ya Uganda, ikaunganishwa na nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Mwaka wa 1907 serikali ikajenga kituo chake cha Kisii kutawala Nyanza ya Kusini. Mwaka uliofuata, 1908, Wakisii waliinuka, na shujaa wao Otenyo akamchoma mkuki ofisa wa serikali aliyeitwa Northcote. Ofisa alipona, lakini adhabu iliyowapata Wakisii ilikuwa ya bunduki na moto, nayo ilionekana na jirani zao wote.

Gor hakuinuka. Wazungu walimkuta akiwa mtawala, wakamtambua kuwa chifu wa Kanyamwa. Baadhi ya watu huona kwamba hapo ndipo hadithi yake inapopoteza ladha. Lakini mtu aliyekuwa na watu wa kulinda, na aliyekwisha kuona bunduki inafanya nini, alikuwa na njia ngapi? Mtu mwenye sifa ya kujigeuza, safari hii alijigeuza chifu. Huenda hilo lilikuwa la mwisho katika maajabu yake, na lililokuwa gumu kuliko yote.

WATU WALIPOCHOKA

Kuwa chifu wa mkoloni ilikuwa kazi chungu. Machifu walitakiwa kukusanya kodi ya nyumba, kutoa watu wa kulima barabara, na vita vya Wazungu vilipoanza mwaka wa 1914, kutoa vijana wa kubeba mizigo ya jeshi. Nyanza ilitoa maelfu kwa maelfu ya vijana hao. Wengi hawakurudi kutoka Tanganyika, wakiwa wameuawa na maradhi na njaa kuliko risasi. Kumbukumbu yao imebaki katika jina la mtaa wa Kariokor, Nairobi. Vita vyenyewe vilifika karibu na nyumbani pia, kwani mwezi wa Septemba 1914 Wajerumani waliingia Kisii.

Katika hali hiyo watu walianza kunung'unika dhidi ya wakuu wao. Nani hangenung'unika? Mwaka wa 1913 mtu wa Alego aliyeitwa Onyango Dunde alitangaza kwamba nyoka mkubwa aitwaye Mumbo alitoka ziwani na kumpa ujumbe kwamba Wazungu wataondoka, na kwamba wafuasi watapata chakula na mifugo bila kutoa jasho. Habari za Mumbo zilienea sana Nyanza ya Kusini na Ukisii. Watu waliovunjika moyo waliacha kulima wakingoja. Serikali iliogopa, ikawakamata viongozi wa imani hiyo na baadaye ikawahamishia mbali pwani.

Wengine walikimbilia misheni. Shule ya Maseno ilikuwa imefunguliwa mwaka wa 1906, na vijana waliokwenda huko walirudi na nguo mpya, jina jipya na, kwa mujibu wa mambo ya makala haya, mchezo mpya wa mpira wa miguu.

Angalia basi jinsi mambo yanavyofanana. Watu waliposhindwa na dunia, hawakuishambulia dunia. Walibadilisha aliyekaa mbele yao. Walimwacha jabilo wakamfuata nabii, wakamwacha nabii wakamfuata mwalimu wa misheni. Kila mara walitumaini kwamba huyu mpya atakuwa na dawa ambayo yule wa kwanza hakuwa nayo. Sotoka, malale na kodi havikujali nani amekaa kwenye kiti.

JINA LAINGIA UWANJANI

Gor alifariki dunia miongo mingi kabla ya jina lake kuingia katika ligi. Kandanda ilikuwa imekwisha kuota mizizi Nyanza kupitia shuleni, katika reli na katika vyama vya watu walioishi mijini. Luo Union, chama kilichowaunganisha Wajaluo popote walipofanya kazi katika Afrika Mashariki, kilikuwa na timu, na timu hiyo ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka wa 1964, mwaka mmoja tu baada ya ligi ya taifa kuanzishwa.

Mwaka wa 1968 ilizaliwa klabu mpya kutoka katika ukoo huo wa vilabu vya Wajaluo, Luo Union na Luo Stars. Waasisi wake walihitaji jina ambalo kila Mjaluo angelitambua bila kuelezwa. Wangeweza kumchagua Luanda Magere wa Kano, shujaa ambaye nguvu zake zilikuwa kivulini. Lakini Magere alisalitiwa na kuuawa, na timu haianzi maisha kwa jina la aliyeshindwa. Gor ndiye aliyewaponyoka maadui wote. Jina likachukuliwa, na mwaka huo huo wa 1968 timu ikawa bingwa wa Kenya.

Hapo ndipo mzigo ulipoanza. Mwaka wa 1976 Gor Mahia ilitwaa ubingwa bila kushindwa hata mara moja. Mwaka wa 1979 ilifika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika, na mashabiki wakaamini kwamba maajabu yamekamilika. Canon ya Yaoundé ikaja Nairobi ikashinda mabao 2 kwa 0, na kule Cameroon ikaongeza 6. Mabao 8 bila jibu! Ulikuwa msiba uliokaa miaka katika vifua vya watu wa kandoni mwa ziwa.

Baada ya hapo serikali iliamuru vyama na vilabu viache majina ya kikabila. Luo Union ikawa Re-Union, Abaluhya ikawa AFC Leopards, na Gor Mahia ikasajiliwa kuwa Gulf Olympic Rangers ili herufi za kwanza zibaki zile zile. Mzee wa Kanyamwa alikuwa amejigeuza tena. Hakuna shabiki aliyedanganyika.

Mwaka wa 1987, chini ya kocha Jack Johnson, timu ilifika tena fainali ya kombe lile lile. Ilitoka sare ya mabao 2 kwa 2 na Espérance mjini Tunis, kisha bao 1 kwa 1 mjini Nairobi, ikashinda kwa mabao ya ugenini. Nahodha Austin Oduor alipokea kombe, na Peter Dawo akawa mfungaji wa kuogopwa Afrika nzima. Hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kutwaa kombe la bara la Afrika.

KITI CHA MOTO

Ushindi ule uliwafurahisha watu, lakini pia uliwaweka makocha wote waliofuata katika mizani isiyo ya haki. Kila mmoja hupimwa kwa 1987 na kwa jina la mzee. Baada ya ubingwa wa 1995, Gor Mahia ilikaa miaka 18 bila kutwaa ligi. Katika miaka hiyo makocha waliingia na kutoka kama abiria katika kituo cha matatu. Viongozi waligombana, fedha za mlangoni zilipotea njiani, wachezaji wazuri walihama kwa kukosa mishahara. Lakini kilio cha mashabiki kilikuwa kile kile: kocha hafai.

Mwaka wa 2013 ukame ulikwisha. Msimu ulianza chini ya Zdravko Logarušić na kumalizika chini ya Bobby Williamson wa Scotland, timu ikiwa bingwa. Mwaka wa 2015 Frank Nuttall kutoka Uingereza alifanya jambo lililokuwa halijaonekana tangu 1976. Aliongoza Gor Mahia kumaliza ligi bila kushindwa. Mtu angedhani amejenga nyumba ya mawe. Mwanzoni mwa 2016 timu ilitolewa katika mashindano ya Afrika na CNaPS Sport ya Madagaska, ikaanza ligi kwa kusuasua, na kufikia mwezi wa Machi Nuttall alikuwa amekwisha kuondoka. Msimu mzima bila kushindwa ulimnunulia miezi michache tu.

Hapana shaka shabiki ana haki ya kukasirika. Yeye ndiye anayelipa kiingilio kutoka katika pesa za samaki au za bodaboda. Ndiye anayesafiri usiku kucha kutoka Kisumu hadi Nairobi, akirudi sauti imekauka. Klabu hii haina tajiri mmoja wa kuimiliki, ni mali ya watu wake, na mwenye mali ana ruhusa ya kuuliza. Kocha anayepanga timu vibaya au kuwapendelea baadhi ya wachezaji, hastahili kufichwa nyuma ya heshima.

Lakini hasira inayomlenga mtu mmoja huwasaidia sana wale ambao hawaonekani uwanjani. Katika miaka ya karibuni FIFA imepata kuizuia Gor Mahia kusajili wachezaji wapya kwa sababu ya madeni ya watu waliokuwa wakiidai, makocha wakiwamo. Kocha anayekuja baada ya hapo huambiwa ashinde kwa kikosi ambacho hakuruhusiwa kukiongeza. Ni kama kumpeleka jabilo vitani bila wapiganaji, kisha kumwuliza dawa yake ilikwenda wapi.

Wala tusidhani kwamba fedha nyingi huponya ugonjwa huu. Kule Marekani, ambako vyuo vikuu vina timu za mpira wao wa mikono na helmeti zinazojaza viwanja vikubwa kuliko vyetu, Chuo Kikuu cha Texas A&M kilimwachisha kazi kocha Jimbo Fisher mwezi wa Novemba 2023, huku mkataba ukikilazimu kumlipa zaidi ya dola milioni 75 ili tu asifundishe. Mashabiki walishangilia. Tofauti na kwetu ni kwamba yule aliondoka na malipo yake, na wa kwetu mara nyingi huondoka akiyadai.

ALICHOTUACHIA MZEE

Kufikia mwaka wa 2024 Gor Mahia ilikuwa imetwaa ubingwa wa Kenya mara 21, idadi ambayo klabu nyingine nchini haijaikaribia. Makocha waliochangia ushindi huo ni wengi, na shabiki wa kawaida hawezi kuwataja hata nusu. Lakini waliofungwa na Leopards anawakumbuka.

Hapa ndipo mzee Gor alipopata bahati kuliko wote waliofuata. Kumbukumbu ya watu wake ilimtendea wema. Sotoka ilipita wakati wake, na hakuna asemaye dawa yake ilishindwa na sotoka. Malale yalipita, kodi ikaja, vijana wakachukuliwa, na bado anaitwa Mahia. Watu wa Kanyamwa walichagua kukumbuka aliyoyaweza, wakayasamehe yaliyomshinda, kwa kuwa walijua kwamba yaliyomshinda yalikuwa yamewashinda wote.

Si lazima kila kocha apewe subira ya miaka mingi. Lakini anastahili kuulizwa maswali yale yale ambayo wazee wa baraza wangemwuliza jabilo. Je, alipewa watu? Je, walikuwa wamekula? Je, alipewa muda wa kuwatazama kabla ya kuwapanga? Majibu yakiwa ni ndiyo, na bado timu inashindwa, basi na aende kwa heshima na kwa mshahara wake wote. Majibu yakiwa ni hapana, shabiki mwenye busara atageuza uso wake kutoka kwenye benchi la akiba na kuutazama upande wa jukwaa la wageni wa heshima, ambako wenye klabu huketi kivulini.

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Gor wuod Ogada alishindwa na mengi katika uzee wake, akakubali, akabaki na watu wake. Timu iliyobeba jina lake itashindwa tena, Kisumu na kwingineko, na siku hiyo kelele za kutaka kocha aondoke zitapanda kama kawaida. Wenye kupiga kelele hizo wanafaa wakumbuke kwamba mwenye jina mwenyewe, kwa dawa zake zote, hakupata kumponya hata ng'ombe mmoja wa sotoka.